UKIMWI hausubiri Desemba Mosi

Desemba Mosi ikikaribia, utepe mwekundu hutolewa kabatini. Utaratibu wake tunaujua sote: turubai linasimamishwa, vipaza sauti vinajaribiwa, wanafunzi wanaimba, mgeni rasmi anachelewa, kisha hotuba inawakumbusha wananchi kwamba UKIMWI bado upo na unaua. Watu wanapiga makofi, fulana zinagawanywa, turubai linakunjwa. Kesho yake ugonjwa hautajwi tena mpaka mwaka mwingine.

Hatuna ugomvi na siku hiyo. Dunia inaiadhimisha tangu 1988 na ina kazi yake. Ugomvi wetu ni juu ya siku nyingine zote za mwaka, na zaidi ni juu ya maneno yanayosemwa pale jukwaani. Kwa sekta kama Kanzenze, huku juu ya Rubavu kwenye viazi na ng'ombe, uhamasishaji wa namna hii umeishiwa nguvu. Unawahubiria waliokwisha kusikia, unafanyika mahali ambapo wanaopaswa kusikia hawapo, na bado unatisha watu kwa kifo wakati dawa zimekwisha kubadili habari yote.

Muulize mtu wa Kanzenze ugonjwa huu uko wapi. Mara nyingi atakuonyesha chini, upande wa ziwa: Gisenyi kwenye hoteli na mabaa, au mpakani, Petite Barrière, wanakopita watu kwa maelfu kila siku kwenda Goma, Kongo, na kurudi. Huku kwetu, atasema, ni wakulima tu. Lakini viazi havijipeleki sokoni. Msimu wa mavuno malori hupanda kufuata magunia, dereva na utingo wake wakalala njiani. Makarani, yaani wapagazi wanaopakia, hulipwa jioni, fedha mkononi, na jioni hiyo hiyo kilabu kinajaa. Vijana wa pikipiki wanashuka mjini na kupanda mara kadhaa kwa siku. Mama wa kabichi anaamka alfajiri kuwahi mpaka. Hata yule ambaye hatoki kijijini huenda ana mwenzi anayetoka. Sekta yenye mzunguko huo haiwezi kujidai kwamba iko mbali na mji.

Dhana kwamba UKIMWI ni wa mjini ina umri mrefu, na wakati fulani ilikuwa na ukweli wake. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa nchini mwaka 1983. Mwishoni mwa 1986 Rwanda ilifanya uchunguzi wa damu wa nchi nzima, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo, ikaonekana kwamba mijini asilimia 17.8 walikuwa na virusi, na vijijini asilimia 1.3 tu. Kisha ukaja mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ubakaji ulitumiwa kama silaha. Wanawake wengi walionusurika walibaki na virusi, na wajane walipounda chama chao cha AVEGA Agahozo mwaka 1995, ugonjwa huu ulikuwa sehemu ya mzigo waliokuja nao. Watu kwa mamia ya maelfu walihama na kuishi kambini, wengi wakipita hapa hapa Gisenyi kwenda Goma, kisha wakarudi. Tofauti kubwa kati ya mji na kijiji ikapungua mno. Anayesema leo kwamba Kanzenze iko salama kwa sababu ni shamba anasoma takwimu za 1986.

Kilichofuata ni habari njema, nayo tuiseme bila choyo. Mwaka 2002 Wanyarwanda waliokuwa wakimeza dawa za kufubaza virusi hawakufika elfu moja. Miaka iliyofuata dawa zikawa za bure, zikashuka hadi kwenye vituo vya afya vya vijijini, na tangu Julai 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa tiba bila kungoja mwili udhoofike. Mwaka 2023 shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, UNAIDS, liliitaja Rwanda pamoja na Tanzania, Botswana, Eswatini na Zimbabwe kuwa zimefikia lengo la 95-95-95: asilimia 95 ya wenye virusi wanajua hali yao, asilimia 95 ya hao wanatumia dawa, na asilimia 95 ya wanaotumia dawa virusi vyao vimefubazwa. Marekani yenyewe haijafika hapo.

Basi mafanikio hayo ndiyo yaliyouchosha ujumbe wa jukwaani. Kijana aliyezaliwa Kanzenze mwaka 2007 leo ni mtu mzima. Hakuona jirani akikonda hadi mbavu zikahesabika, wala hakuona boma ambalo wamebaki bibi na wajukuu. Ukimwambia UKIMWI unaua, anatazama huku na huku, haoni aliyekufa, anakuona mwongo. Na akikuamini ndiyo mbaya zaidi, maana ataogopa kupima, kwa kuwa kwake jibu la kipimo ni hukumu ya kifo. Miaka ya 1990 hofu ilikuwa na sababu, kwani hapakuwa na kingine cha kumpa mtu. Siku hizi inamkimbiza asifike kwenye kituo cha afya.

Kuna cha kusema badala yake? Kipo, na kina nguvu kuliko hofu. Mwenye virusi anameza kidonge kimoja kwa siku. Akikimeza bila kuruka, baada ya miezi michache kipimo cha wingi wa virusi hakivioni tena katika damu, na mtu ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hatusemi hivyo kumfariji mtu. Imethibitishwa na tafiti zilizofuatilia mamia kwa mamia ya wenzi, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana. Mama mwenye virusi anayetumia dawa sawasawa anazaa na kunyonyesha mtoto asiye navyo, na nchini mwetu maambukizi ya mama kwa mtoto yameshuka chini ya asilimia 2. Aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu, ana saa 72 za kufika kituoni na kuanza dawa za kinga za siku 28. Waliofanyiwa ukatili wana Isange, huduma iliyoanza Kacyiru mwaka 2009 na sasa iko katika hospitali za wilaya, ambako daktari, polisi na mshauri wanapatikana mahali pamoja, bila malipo.

Saa 72. Si wiki, si "nikipata nafasi". Ni wangapi pale kilabuni wanaoijua namba hiyo? Sisi tungependa kuiona imeandikwa kwa rangi kubwa ukutani, kuliko fuvu la kichwa na maneno ya kutisha.

Lakini elimu peke yake haimalizi kazi, maana wengi wanajua na bado wanajificha. Itazameni chupa ya dawa: ndogo, nyeupe, ya plastiki, vidonge vikigongana ndani kwa kila hatua. Wapo wanaobandua karatasi yake njiani kabla hawajafika nyumbani. Wapo wanaojaza pamba ndani ili isilie mfukoni. Wapo wanaokipita kituo cha afya cha jirani na kulipa nauli hadi mjini, ili mtu wa kanisani kwao asiwaone wamekaa benchi fulani siku fulani, kwa kuwa kijijini kila mtu analijua benchi hilo. Nauli ikikosekana, dawa nazo zinakosekana. Dawa zikirukwa, virusi vinaamka, na vinaweza kuzizoea dawa hizo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na ni kweli, ila si haki kumtupia mgonjwa methali huku sisi ndio tunaomfanya afiche. Masengenyo yanaua, na hayana chanjo wala sindano. Uongozi wa kijiji unaokemea ulevi na uchafu unaweza kukemea hilo pia, kwa kumwita msengenyaji na kuongea naye uso kwa uso.

Sasa wanaume. Uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa 2018 na 2019, ule wa RPHIA, ulikuta kwamba asilimia 3 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wana virusi, ukakadiria maambukizi mapya kama 5,400 kwa mwaka. Miongoni mwa wenye miaka 20 hadi 24, kiwango kwa wanawake kilikuwa mara tatu ya kile cha wanaume. Tuseme maana yake bila kuzunguka: wasichana hao, kwa sehemu kubwa, hawaambukizwi na vijana wenzao. Wanaambukizwa na wanaume waliowazidi umri, wenye fedha mfukoni. Na wanaume hao hawahudhurii klabu ya shule ya kupambana na UKIMWI, ambako kila mwaka msichana anafundishwa kusema hapana huku anayemshawishi hajaambiwa neno.

Rwanda ina sifa duniani kwa jambo moja hapa. Mwanamke akianza kliniki ya wajawazito, mumewe huitwa na wote wawili hupimwa. Kazi ya kuwapima na kuwashauri wenzi pamoja ina mizizi Kigali tangu miaka ya 1980, kupitia Projet San Francisco, na nchi nyingi zimejifunza kwetu. Lakini ukitazama kwa makini utaona kwamba mwanamume huyo hupimwa mkewe anapopata mimba. Baada ya hapo anaweza kukaa miaka mitano bila kuingia kituoni. Asiye na mke njia hiyo haimfikii. Wengine hujipimia kwa mke: yeye hana, basi na mimi sina. Hesabu hiyo ni ya uongo. Wapo wenzi wengi, wameoana na wanalala kitanda kimoja miaka mingi, mmoja ana virusi na mwingine hana, na hakuna anayeweza kumjua mwingine kwa kumtazama.

Tunakubali kwamba lawama si za wanaume peke yao. Kituo cha afya kinafanya kazi mchana, saa ambazo karani wa viazi yuko chini ya gunia na dereva wa pikipiki anatafuta abiria. Kumwambia aje Jumanne asubuhi apange foleni na wajawazito ni sawa na kumwambia asije. Kipimo kimfuate yeye. Siku ya soko jioni, hema dogo kando ya kijiwe cha pikipiki, wauguzi wawili, tone la damu la kidoleni, majibu kabla chai haijapoa. Kipo pia kipimo cha mate ambacho mtu anajipima mwenyewe nyumbani, mlango umefungwa, na kimeingia nchini tangu 2017. Tunataka kusikia kinatajwa mbele ya wanaume wa Kanzenze, si kwenye semina za Kigali tu.

Na mpaka? Hatuwezi kuuzungumzia UKIMWI wa Rubavu tukaiacha Goma. Vita vilipofika Goma Januari 2025 na mji ukaingia mikononi mwa waasi wa M23, maelfu walivuka kuja kwetu. Katika mkimbio kama huo hawakosekani walioacha dawa zao nyuma. Mwaka 1998 nchi sita za ukanda huu, yaani Burundi, Kenya, Kongo, Rwanda, Tanzania na Uganda, ziliunda mpango wa pamoja wa UKIMWI wa Maziwa Makuu, GLIA, kwa kutambua kwamba virusi havigongewi mhuri mpakani. Uhusiano wa leo kati ya Kigali na Kinshasa ni mbaya, hilo hatulifichi. Hata hivyo muuguzi anayempa mwanamke wa Goma dawa za mwezi mmoja upande huu hafanyi siasa. Na kwa kuwa biashara ya pale inafanyika kwa Kiswahili, ambacho Bunge letu lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, elimu ya pale nayo itolewe kwa Kiswahili sawasawa na Kinyarwanda.

Tufike kwenye fedha, kwa kuwa huko ndiko hatari mpya iliko. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, siku chache baadaye iliruhusu tiba ya kuokoa maisha iendelee, pamoja na kinga ya mama kwa mtoto. Sehemu kubwa ya kazi ya kinga ikaachwa nje. Dawa za kumeza ili mtu asiambukizwe, kwa mfano, ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Msichana asiye na mimba aliambiwa, kwa maneno mengine, angoje. Anayelipa akipunguza mfuko, anaanza na elimu na kinga, kwa sababu aliyekosa elimu halii hadharani kama aliyekosa dawa.

Inauma zaidi kwa kuwa sayansi haijawahi kutupa silaha nzuri kama za sasa. Sindano ya lenacapavir huchomwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika jaribio lililofanywa Afrika Kusini na Uganda, kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hakuna hata mmoja! Ikifika Kanzenze, itawakuta watu wanaojua ni ya nini, au itakutana na uvumi kwamba inafunga uzazi?

Jibu la swali hilo halihitaji dola. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwenye umuganda, kazi yetu ya pamoja, tunaweka majembe chini, tunakaa mkutano. Zinazungumzwa barabara, bima ya afya ya mitiweli, ulinzi, watoto walioacha shule. Tunaiomba sekta iweke dakika kumi za afya ya uzazi na UKIMWI katika mkutano huo, si kila mwezi kama adhabu, lakini mara nne kwa mwaka bila kukosa, na azungumze mshauri wa afya wa kijiji, si mgeni. Washauri hao walichaguliwa na wanakijiji wenyewe. Ndio wanaompima mtoto malaria usiku na kumpa dawa. Watu wanawaamini. Wapewe maneno mapya: kidonge kimoja, saa 72, virusi visivyoonekana haviambukizi. Mikutano ya jioni ya familia, umugoroba w'imiryango, nayo inafaa, hasa kwa wazazi ambao bado wanaona haya kumtajia binti yao kondomu lakini hawaoni haya kulea mjukuu asiye na baba.

Haya hiyo si ya kudumu. Tangu 1999 mchezo wa redio wa Urunana umekuwa ukiingiza mambo ya ngono, mimba na virusi ndani ya nyumba za Wanyarwanda, baba, mama na watoto wakisikiliza pamoja, na hakuna paa lililoanguka. Watu walijadili wahusika wake kesho yake shambani. Huo ndio uhamasishaji tunaoutaka: mtu aupeleke mwenyewe kwa jirani yake bila kupewa fulana.

Makanisa na misikiti hatuwaombi wabadili mafundisho yao. Wahubiri uaminifu, ni haki yao na una faida. Tunawaomba jambo moja, na hili hatulipunguzi: asisimame mtu madhabahuni au mimbarini akamwambia mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa. Anayefanya hivyo anaua, na uongozi wa dini husika ndio wa kwanza kuwajibika kumnyamazisha. Wenye vilabu nao, wanaochuma kwa jioni za watu, hawatafilisika wakiweka boksi la kondomu karibu na mlango wa choo, mahali ambapo mtu anachukua bila kutazamwa.

Kipimo cha virusi katika kituo cha afya ni bure, na majibu hutoka ndani ya dakika ishirini hivi. Dawa nazo ni bure. Wewe mwanamume wa Kanzenze usiyekumbuka mara ya mwisho ulipima lini, nenda wiki hii.